Mlaji Hatoki Shambani

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na njaa!

*Ikafukuzwa!*

Palikuwa na chungu!

*Kikapikwa!*

Palikuwa na mwongo mmoja!

*Ndiye wewe!*

Haya, mmenifahamu hata kabla sijaanza. Sogeeni. Wewe wa nyuma mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana ngano hii ina wimbo na sitaki unishinde kwa sauti.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata inzi alikuwa akibisha hodi, palikuwa na mji ukiitwa Kitopeni. Ulikuwa juu ya mlima, kando ya njia kuu. Misafara ikipanda, inapita Kitopeni. Misafara ikishuka, inapita Kitopeni. Kwa hiyo watu wake walikuwa wachuuzi, mama mchuuzi, baba mchuuzi, mtoto akizaliwa anapunguziwa bei. Waliuza kamba, waliuza chumvi, waliuza maneno. Jembe? Jembe Kitopeni lilikuwa tusi. Ukimwambia mtu, "Mshika jembe wewe," mnavua kanzu mnapigana.

Katika mji huo aliishi Semkiwa, muuza shanga. Shanga nyekundu, shanga za buluu, shanga nyeupe kama meno ya mtoto. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu kama ya korongo, mdomo usiojua kupumzika. Huyu angeweza kumuuzia kuku hereni, na kuku akaomba na kioo ajitazame.

Basi miaka mibaya ikaja. Mvua za vuli hazikunyesha. Za masika zikachungulia, zikarudi zilikotoka. Misafara ikapungua. Semkiwa akafungua duka asubuhi, akafunga jioni, hakuna aliyeuliza hata bei. Nani atanunua shanga, na chungu chake kimelala kifudifudi tangu jana?

Msafara uliobaki njiani ulikuwa mmoja, wa Bwana Feruzi, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Huyo alikuwa akitafuta wapagazi. Hamshiki mtu kwa nguvu, la. Anakaa mlangoni kwako, anaangalia jikoni kwako, anangoja useme mwenyewe.

Akakaa mlangoni kwa Semkiwa. Akaangalia jikoni.

"Semkiwa," akasema, "ninakwenda bara. Mwezi ukiandama mara tatu nitapita tena. Nikikuta nyumba yako ina chakula, nitakusalimu nipite. Nikikuta haina, nitawaachia mkeo na mwanao mtama, na wewe utakuja nami na mzigo begani. Tumepatana?"

Semkiwa akamtazama binti yake Zuena, alivyokonda. Akasema, "Tumepatana."

Jamani, upagazi! Wanaume wengi wa Kitopeni walikuwa wameshakwenda. Wengine walirudi wazee. Wengine hawakurudi. Mume wa Bi Mwajabu zilirudi ndara zake tu, tena moja ilikuwa si yake.

Mkewe Mwantumu aliposikia, alicheka.

"Wewe? Upagazi? Kwa shingo hiyo?"

"Shingo ina nini?"

"Shomoro akitua juu yake anaivunja, Baba Zuena!"

Akacheka, akacheka. Halafu akageukia ukutani, maana kicheko kilikuwa kimeanza kubadilika. Alipogeuka tena, macho mekundu, akasema, "Nyuma ya nyumba pana kiwanja. Chini yake pana chemchemi. Mimi ninasuka mikeka kutwa, nibadilishe kwa unga huko mabondeni. Wewe kiwanja ni chako."

"Nikifanyie nini?"

"Ukilime."

"Mama Zuena! Watu wataniona!"

"Heri wakuone hapa unalima," Mwantumu akasema, "kuliko wasikuone tena."

Akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na mbegu alizoomba kwa mama yake: mchicha, maboga, kunde. Semkiwa akalishika jembe kama mtu anayeshika nyoka mkia. Akalima tuta moja. Tuta lenyewe lilipinda kama limelewa. Msimcheke. Mimi nimetembea, nimekula mchicha Mombasa, nimekula Ujiji, nimekula Pemba kwenye harusi nisiyoalikwa, lakini nyumbani mke wangu akinituma bustanini hutuma na mtu wa kunionyesha ipo wapi.

Akapanda, na alipanda kichuuzi. Mchuuzi hapendi kuona meza ina nafasi tupu. Akamwaga mbegu za mchicha zote kwenye lile tuta moja, zikajaa kama shanga siniani. Kila asubuhi akabeba maji kutoka chemchemini, akanyunyiza, akaimba. Nikiimba, nanyi itikieni:

*Ota, mchicha, ota ewe,*
*Feruzi asinichukue;*
*Shingo yangu ya shanga ewe,*
*Mizigo na isiijue!*

Ukaota! Ukaota umebanana, mwembamba, wa manjano, kila mche unamsukuma mwenzake.

Mwantumu akaja, akatazama. "Punguza. Ng'oa mingi, ibaki michache."

"Nitupe bidhaa?"

"Usitupe. Ng'oa tupike."

Semkiwa akakataa. Mwezi ukaandama mara ya kwanza. Mchicha ukazidi kuwa wa manjano. Asubuhi moja akaona mche mmoja uliokuwa pembeni, peke yake, ulioanguka huko kwa bahati mbaya. Ulikuwa mnene, majani mapana kama kiganja. Akaukodolea macho. Kisha akapiga magoti, akaanza kung'oa. Aling'oa huku akilia kama anazika. Lakini jioni ile ile miche iliyong'olewa ilikuwa chunguni, na Zuena alikula, akalamba bakuli, akalala bila kuambiwa mara mbili. Na iliyobaki tutani ikanyoosha shingo.

"Kumbe," Semkiwa akasema.

Lilikuwa neno jipya mdomoni mwake. Mchuuzi hasemi kumbe, mchuuzi anajua kila kitu.

Mchicha uliponenepa, akauchuma. Aliuchumaje? Kwa mizizi! Akang'oa mche mzima, akautikisa udongo, akaupeleka jikoni. Kesho mwingine. Keshokutwa mwingine. Tuta likaanza kuota upara.

"Baba Zuena, umemuua ng'ombe kwa sababu ya maziwa," Mwantumu akasema, akachukua kisu. "Kata hapa, juu. Kisiki kiache."

"Kisiki kinafaa nini?"

"Kinyweshe, usikiulize."

Akakinywesha. Akaimba. Imbeni!

*Ota, mchicha, ota ewe,*
*Feruzi asinichukue;*
*Shingo yangu ya shanga ewe,*
*Mizigo na isiijue!*

Hazikupita siku nyingi, ubavuni mwa kisiki likatokeza chipukizi. Upande wa pili, lingine. Palipokuwa na kichwa kimoja pakawa na viwili, vitatu. Semkiwa akachuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mambo kama hayo hakuwahi kuyaona dukani. Shanga ukiiuza imekwenda, hairudi na wadogo zake.

"Kumbe," akasema tena.

Akalima tuta la pili, halikupinda sana. Akalima la tatu. Maboga yakatambaa, kunde zikapanda miti. Mwezi ukaandama mara ya pili. Zuena akapata mashavu.

Sasa hapa, wasikilizaji, ningeweza kumaliza, tukaenda kulala. Lakini mnakumbuka mdomo wa Semkiwa?

*Tunaukumbuka!*

Mdomo uliona mali, ukashindwa kunyamaza. Siku ya gulio akapanda juu ya jiwe.

"Watu wa Kitopeni! Nani ameona mchicha? Hamjaona! Nani ameona boga? Hamjaona! Njooni nyuma ya nyumba yangu, mtazame bure, macho hayalipiwi!"

Wakaja. Na katika waliokuja alikuwamo jirani yake, Mzee Ngoda. Ngoda alikuwa na tumbo lililomtangulia kila mahali kama mjumbe, na miaka mibaya ilikuwa imelionea sana.

Sasa kule milimani palikuwa na mila. Ukipita shambani kwa mtu na njaa imekushika, ingia, ule ushibe, hakuna wa kukuita mwizi. Lakini kula hapo hapo. Kitu cha shamba kisitoke shambani, wala mkononi, wala kikapuni, wala kichwani. Mila nzuri. Ilitungwa kwa ajili ya msafiri na muwa wake mmoja.

Ngoda akaifikiria mila hiyo usiku kucha. Asubuhi akaja na sufuria. Akaja na mafiga matatu. Akaja na chumvi, mwiko, mkewe, na shemeji zake. Akawasha moto katikati ya matuta.

"Jirani!" Semkiwa akapiga kelele. "Ndiyo nini hii?"

"Napita tu," Ngoda akasema, akikoroga. "Njaa imenishika."

"Na sufuria?"

"Nayo inapita."

"Ngoda!"

"Mila, Semkiwa, mila! Kitu cha shamba hakitoki shambani. Je, natoka na kitu? Mashahidi nyote, tazameni mikono yangu. Mitupu!"

Wakala, wakashiba, wakaondoka na sufuria iliyolambwa. Siku ya pili wakaja tena, na binamu. Siku ya tatu wakaja na binamu na wageni wa binamu. Wengine mjini wakaona, nao wakaanza kupitapita. Matuta yakabaki visiki. Maboga yakaliwa pamoja na majani yake. Na huko bara Bwana Feruzi alikuwa ameshageuza uso kurudi.

Semkiwa akakaa tutani, kichwa mikononi. Hakuimba.

"Nitaweka boma la miiba," akamwambia mkewe.

"Uwafungie watu wenye njaa?" Mwantumu akauliza. "Mwezi uliopita tulikuwa wenzao."

"Basi nifanye nini, Mama Zuena? Feruzi anakuja!"

Mwantumu akaweka mkeka wake chini. Akaketi naye. Wakiwa wamekaa hivyo, mbuzi wa Bi Mwajabu akaingia, akala ncha ya mchicha, akainua mkia, akaacha vyake pale pale, akaenda zake. Semkiwa akaokota jiwe amtupie. Akasita. Maana pale mbuzi huyo alipoacha vyake siku za nyuma, palikuwa na kunde zilizochipua na kunona kuliko zote.

Akalitazama jiwe. Akamtazama mbuzi anavyoondoka bila wasiwasi. Akacheka, mara ya kwanza siku nyingi.

"Mama Zuena," akasema, "yule mbuzi ana adabu kuliko Ngoda."

Asubuhi Ngoda akaja na jeshi lake. Visiki vilikuwa vimechipua kidogo. Semkiwa akampokea kwa mikono miwili. "Karibu, jirani! Kula! Ongeza! Shemeji, mbona huli?" Na alipokuwa akikaribisha hivyo, alikuwa ameshapita mjini kuita watu waje kutazama. Wakajaa uani. Ngoda akala, akajifuta mdomo, akainuka. Semkiwa akasimama njiani.

"Unakwenda wapi, jirani?"

"Nyumbani. Nimeshiba."

"Na mila?"

"Nimeitimiza. Mikono hii hapa, mitupu. Kikapu sina."

"Mchicha uliokula uko wapi?"

"Uko tumboni, jamani! Ulitaka uwe wapi?"

"Na tumbo linakwenda wapi?"

"Linakwenda nyum..." Ngoda akajishika mdomo.

Watu uani wakatazamana. Kisha mtu mmoja akaanza kukohoa kicheko.

"Kitu cha shamba hakitoki shambani," Semkiwa akasema taratibu. "Si mimi niliyesema. Umesema wewe, mbele ya mashahidi wako. Sina haraka, jirani. Pale nyuma ya migomba pana faragha. Keti, ngoja, kikishatoka nenda zako kwa amani. Na udongo wangu utakushukuru."

"Huyu?" mkewe Ngoda akapiga makofi. "Huyu mume wangu? Atakaa hapo mpaka keshokutwa!"

Watu wakaanguka! Wengine walishikana, wengine walishika miti. Ngoda akatoka jasho.

Lakini Semkiwa alikuwa mchuuzi bado, na mchuuzi hamwachi mteja bila njia ya pili. "Au," akasema, akamshika bega, "nguvu uliyoipata kwenye mchicha wangu, irudishe kwenye udongo wangu. Jembe lile pale. Ukilima kiasi cha ulichokula, tutahesabu kimerudi."

Ngoda akaitazama migomba. Akalitazama jembe. Akawatazama watu wa Kitopeni, waliomjua tangu utoto. Akavua kanzu. Watu wakadhani anataka kupigana. Akachukua jembe.

Na kumbe! Mtu yule alikuwa mlimaji! Lile tumbo lilikuwa limeficha mabega kama ya nyati. Alilima tuta, akalima la pili, likanyooka kama uzi. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akalitazama, akainamisha kichwa upande.

"Si baya," akasema. "Kesho nitaongeza upande ule."

"Kesho ukija kula," Semkiwa akasema.

"Kwani nani kasema siji?"

Tangu siku hiyo, aliyekula alilima. Aliyeshindwa kulima alibeba maji. Aliyeshindwa kubeba maji, kama Bi Mwajabu mwenye mgongo unaouma, aliketi akichambua mbegu na kumsema kila mtu. Matuta yakashuka mteremko, yakafika kiwanja cha Ngoda, yakapita, yakafika chemchemini. Na jembe, lile tusi, likaanza kuazimwa kwa heshima. Imbeni mara ya mwisho, nao walikuwa wakiuimba mji mzima:

*Ota, mchicha, ota ewe,*
*Feruzi asinichukue;*
*Shingo yangu ya shanga ewe,*
*Mizigo na isiijue!*

Mwezi ukaandama mara ya tatu. Asubuhi yake pembe la msafara likalia njiani.

Bwana Feruzi alikuja na watu wake wamechoka, midomo imepasuka, maana huko bara nako palikuwa pakavu. Wapagazi walipoona kijani, walitua mizigo bila kuambiwa, wakaingia matutani wakala. Nani angewazuia? Mila ni mila. Walikata, walichemsha, walitafuna kunde mbichi. Walipomaliza, matutani na hata jikoni kwa Semkiwa hapakubaki jani.

Feruzi akakaa mlangoni. Akaangalia jikoni, kama zamani.

"Semkiwa," akasema kwa sauti yake ya chini, "tulipatana. Naona chungu kitupu."

Mwantumu akasogea karibu na mumewe. Zuena akamshika baba yake kanzu. Na watu wote wakamgeukia Semkiwa, wakingoja mdomo ule ufanye kazi yake, useme, upambe, uzungushe.

Semkiwa akainuka. Alimshika Feruzi mkono, akampeleka tutani, wakachuchumaa.

"Wewe mwenyewe gusa hapa, Bwana Feruzi."

Feruzi akagusa kisiki. Kidole chake kikakuta chipukizi, laini, bado lina umande.

"Hiki kilikatwa lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na hiki, chenye vichwa vitatu vilivyokatwa leo?"

"Kisiki chake kilikatwa kabla ya hicho. Ndicho walichokula watu wako leo. Watakaopita wiki ijayo watakula hicho ulichoshika."

"Kwa hiyo chakula hiki hakiishi?"

"Kinaisha kila siku," Semkiwa akasema. "Chungu changu utakikuta kitupu kila jioni, sikudanganyi. Tuna kazi ya kukijaza kila asubuhi. Kama hilo kwako ni kukosa chakula, nichukue. Mzigo wangu ni upi?"

Feruzi akagusa kisiki kimoja, akagusa na cha pili. Alikuwa mtu aliyetembea nchi nyingi, na katika nchi zote hizo hakuwahi kukaa mahali mpaka kitu kikaota. Akainuka, akakung'uta magoti.

"Nilisema nikikuta nyumba ina chakula nitakusalimu nipite," akasema. "Basi, Semkiwa, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Feruzi."

"Mwanao hajambo?"

"Hajambo!" Zuena akajibu mwenyewe, na vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakaruka juu ya paa.

Feruzi akapiga pembe, msafara uondoke. Haukuondoka. Alipotazama mbele, alimkuta Mzee Ngoda amesimama njiani na tumbo lake, amepanua mikono.

"Hapa hapapiti mtu," Ngoda akasema, "mpaka nione viganja. Wewe mrefu, umekula? Onyesha. Safi! Rudi ukalime. Wewe wa kilemba? Safi pia! Rudi! Mnatuonaje sisi? Kitopeni kuna mila!"

Wapagazi wakarudi, na haki yao niwape, walilima wakicheka. Mabega yaliyozoea mizigo ya watu yalibeba mitungi kutoka chemchemini kama manyoya. Wawili kati yao wakaanza kuulizana kwa siri kama pale pana viwanja. Feruzi akasubiri. Wote walipopita kwa Ngoda na viganja vyenye udongo, akafuata mwenyewe, wa mwisho, mkubwa wa msafara, joho halina hata doa.

Ngoda akamzuia.

"Mimi ni Feruzi," akasema kwa upole.

"Umekula?"

"Kidogo. Kunde tu."

"Viganja."

Feruzi akavionyesha. Ngoda akavichunguza, mbele na nyuma, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akampa jembe.

Na jua lilipokuwa linaelekea kutua, yule aliyekuja kumchukua Semkiwa alikuwa bado tutani, joho limefungwa kiunoni, analima tuta lililopinda kama limelewa. Semkiwa alikuwa amesimama pembeni, anamwelekeza.

"Polepole, bwana," alikuwa akimwambia. "La kwanza hupinda. Hata langu lilipinda."

Ngano imechoka, imeketi chini. Aliyeipenda na akaisimulie kwao, aongeze chumvi anavyotaka. Aliyeichukia anilaumu mimi, nimezoea. Mwisho wake?

*Huo hapo!*

Na mimi je?

*Nenda kalime!*